Kutembelea Jumba Kongwe la Sinema Linalojitegemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu majumba ya zamani yenye ukumbi mmoja au miwili, yasiyo chini ya kampuni kubwa za sinema. Mengi yanayomshangaza mgeni humo yana chanzo kimoja: jengo lilisanifiwa kwa mahitaji ya enzi nyingine, na leo linaendeshwa na watu wachache. Ukilijua hilo, unajua cha kuuliza kabla ya kutoka nyumbani.

## Mambo ya msingi

Jumba kongwe linalojitegemea ni lipi hasa?

Kujitegemea ni kwamba wenye jumba ndio wanaoamua ionyeshwe filamu gani, lini na kwa muda gani. Mmiliki anaweza kuwa familia, chama cha ushirika, taasisi isiyotafuta faida au hata mamlaka ya mji. Kuhusu ukongwe hakuna umri rasmi, ila mengi yalijengwa kati ya miaka ya 1910 na 1950, kabla televisheni haijaenea majumbani.

Mifano ni mingi. Eden-Théâtre ya La Ciotat, Ufaransa, ilijengwa 1889 kama ukumbi wa maonyesho ya jukwaani, ikaja kufungwa kwa miaka mingi, kisha ikafunguliwa tena 2013. Babylon ya Berlin ilifunguliwa 1929. Cinema Impero ya Asmara, Eritrea, ni ya 1937, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2017. Lakini si kila jengo la kale linajitegemea: Tuschinski ya Amsterdam, ya 1921, ni miongoni mwa majumba mazuri kuliko yote duniani, nayo iko chini ya kampuni kubwa ya Pathé.

Kwa nini kuna maonyesho machache tu kwa siku?

Kwa sababu ukumbi ni mmoja. Filamu ya saa mbili huhitaji pia muda wa kuingiza watu, kuwatoa, kufagia na kuandaa mtambo wa kurushia picha, na hayo hula nusu saa au zaidi. Maonyesho matatu au manne kwa siku ndiyo kiwango cha kawaida. Filamu unayoitaka inaweza kupita mara moja tu, kwa hiyo usiseme utaiona wiki ijayo kabla ya kuangalia ratiba.

Alama zilizo kwenye ratiba zina maana gani?

"35mm" na "70mm" ni upana wa mkanda halisi wa filamu kwa milimita. "DCP" ni faili la dijitali linalotumwa kwenye majumba ya sinema. "4K" na "2K" ni wingi wa nukta za picha ya dijitali (tazama swali la 4K hapo chini). "OV" ni lugha ya asili bila kuingizwa sauti nyingine, na mara nyingi hufuatwa na kifupi cha lugha ya manukuu, yaani maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Kama haikuandikwa chochote kuhusu aina ya picha, chukulia kuwa ni dijitali. Jumba linaloonyesha mkanda halitaacha kukutangazia.

Saa iliyoandikwa ni ya filamu kuanza au ya matangazo kuanza?

Inategemea jumba, na tofauti ni kubwa. Kwenye majumba makubwa ya kibiashara matangazo yanaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Majumba huru mengi hutoa vionjo vya filamu nyingine kwa dakika 5 hadi 10, na mengine huanza filamu moja kwa moja saa ileile iliyoandikwa. Mtu aliyezoea kuchelewa robo saa pasipo hasara hapa atakosa mwanzo.

## Tiketi na kufika

Ninunue tiketi mapema au mlangoni?

Kwa onyesho la mchana wa siku ya kazi, mlangoni panatosha. Nunua mapema ikiwa ni onyesho la mkanda wa 70mm, filamu bubu yenye muziki wa moja kwa moja, mazungumzo na mwongozaji, au onyesho la pekee la filamu ya zamani. Haya hujaa kwa sababu hayarudiwi.

Uliza pia wanapokea malipo gani. Baadhi ya madirisha ya tiketi bado ni ya fedha taslimu tu, na mengine yamehama kabisa kwenye kadi. Ukinunua kwenye mtandao, hakikisha uko kwenye tovuti ya jumba lenyewe, kwa kuwa wauzaji wa kati huongeza ada isiyofika kwenye jumba hata kidogo.

Viti vina namba?

Mara nyingi havina. Anayefika kwanza ndiye anayechagua, na ndiyo maana kuna foleni mlangoni hata kwa waliokwisha kulipa. Kwa onyesho lililouzwa lote, fika dakika 30 hadi 40 kabla. Kwa onyesho la kawaida dakika 15 zinatosha, na zinakupa nafasi ya kutazama ukumbi taa zikiwa bado zinawaka. Dari, nguzo na nakshi za ukutani hutaziona vizuri baada ya hapo.

Nikichelewa nitaruhusiwa kuingia?

Kwa kawaida ndiyo, lakini utaelekezwa viti vya nyuma au vya pembeni. Kwenye filamu bubu yenye wanamuziki, mlango unaweza kufungwa hadi mapumziko.

Fedha ya tiketi inakwenda wapi?

Sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu na pengine zaidi katika wiki za kwanza za filamu mpya, huenda kwa msambazaji, yaani kampuni inayoyapatia majumba filamu. Kwa filamu ya zamani jumba hulipa ada ya haki za kuonyesha, na kama ni mkanda, huongezeka gharama za kuusafirisha kwenda na kurudi. Nakala nzima ya 35mm pamoja na makopo yake huzidi kilo 20. Ndiyo maana kinywaji kinachonunuliwa ukumbini kina uzito kuliko unavyodhani: mapato yake hayagawanywi na msambazaji.

Uanachama una faida kwa mtu anayekuja mara chache?

Piga hesabu: gawanya ada ya mwaka kwa punguzo la tiketi moja. Jibu ni idadi ya mara unazopaswa kuja ili fedha irudi. Likizidi idadi ya filamu unazokuja kuona kwa mwaka, kata tiketi za kawaida, au uwe mwanachama kwa nia ya kulichangia jumba. Hiyo nayo ni sababu halali, maana ada za wanachama huingia hata miezi ambayo watazamaji ni wachache.

## Kuchagua kiti

Kiti kizuri kiko wapi?

Kanuni inayofanya kazi karibu kila mahali ni umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha. Hapo picha inachukua takriban nyuzi 37 za upeo wa macho yako: inakujaa bila kukulazimisha kugeuza shingo. Kwa picha ya upana wa mita 10, hiyo ni mita 15 kutoka kwenye skrini. Ikiwa safu ya kwanza iko mita 5 kutoka skrini na nafasi kati ya safu ni sentimita 90, utaangukia safu ya 12.

Jambo wanalolisahau wengi ni kwamba upana wa picha hubadilika kwa filamu. Katika majumba mengi kimo cha picha ni kilekile, na vitambaa vyeusi vya pembeni ndivyo vinavyofunguka au kujifunga. Skrini ya kimo cha mita 4 hutoa picha ya upana wa mita 9.6 hivi kwa filamu pana ya uwiano wa 2.39 (upana ukigawanywa kwa kimo), lakini mita 5.5 tu kwa filamu ya zamani ya uwiano wa 1.37. Hivyo kiti kilicho bora kwa filamu pana ya miaka ya 1960 ni cha mbali mno kwa filamu ya miaka ya 1930. Kwa filamu za zamani, sogea mbele safu tano au sita bila kusita.

Kwa sauti, kaa karibu na mstari wa katikati na usiegemee ukuta wa nyuma, kwa kuwa sauti nzito hujikusanya hapo na maneno hupoteza uwazi.

Roshani au viti vya chini?

Roshani ina mandhari bora ya ukumbi wenyewe, na mwinuko wake ni mkali kiasi kwamba kichwa cha aliye mbele hakikuzuii. Hasara yake ni kuitazama picha kutoka juu, pamoja na ngazi nyingi. Joto nalo hupanda, kwa hiyo roshani iliyojaa huwa na hewa nzito.

Kwa viti vya chini, epuka safu za mwisho zilizo chini kabisa ya roshani. Sauti hufifia hapo, na katika kumbi zenye roshani ndefu sehemu ya juu ya picha huweza kukatwa na ukingo. Chaguo letu ni safu ya mbele ya roshani kwa filamu pana, na katikati ya viti vya chini kwa filamu za uwiano wa 1.37.

Nitayaona manukuu?

Hili ndilo tatizo kubwa la kumbi za kale. Sakafu nyingi zina mteremko mdogo, kwa kuwa zilijengwa bila kufikiria maandishi chini ya picha. Kama filamu ina manukuu na huna kimo kirefu, una njia tatu: kaa roshani; kaa kiti cha kwanza kando ya ujia, ambapo hakuna kichwa moja kwa moja mbele yako; au kaa safu ya kwanza baada ya ujia unaokata ukumbi katikati. Hiyo ya tatu ina faida ya pili, ya kunyosha miguu.

Viti ni vidogo kweli?

Viti vya asili vingi vina upana wa takriban sentimita 50, na vya kisasa huzidi hapo. Nafasi ya magoti ndiyo inayobana zaidi. Mtu mrefu atafute kiti cha ujiani au safu yenye ujia mbele yake. Mikoba mikubwa iache nyumbani, kwa sababu chini ya viti vya kukunja hakuna mahali pa kuiweka, na uongozi haukubali izibe njia ya dharura.

Nivae nini?

Vaa nguo za tabaka mbili. Ukumbi wenye dari ya mita 10 au zaidi ni vigumu kuupoza na ni vigumu kuupasha joto, na hali ya mwanzo wa filamu si ile ya mwisho wake. Onyesho la kwanza la siku huwa la baridi kuliko la usiku, kwa kuwa miili ya watu yenyewe huuongezea ukumbi joto.

Vyoo viko wapi, na vinatosha?

Mara nyingi viko ghorofa ya chini au nyuma ya roshani, na ni vichache kuliko idadi ya viti inavyotaka. Nenda mara tu unapofika. Ukingoja mapumziko, utaikuta foleni inayomaliza mapumziko yote.

## Mahitaji maalumu

Natumia kiti cha magurudumu. Niulize nini kabla ya kuja?

Piga simu, usitegemee alama iliyo kwenye tovuti. Jengo lililolindwa kisheria kama urithi haliruhusiwi kubadilishwa ovyo, na matokeo yake unaweza kukuta mlango wa mbele una ngazi lakini mlango wa pembeni hauna. Uliza haya kwa maneno ya moja kwa moja: kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi kwenye kiti, mlango mwembamba kuliko yote una sentimita ngapi (chini ya 80 viti vingi hupita kwa shida), njia ya mteremko ni ya kudumu au huletwa kwa ombi, choo kinachofikika kiko ghorofa gani, na nafasi ya kiti iko safu ya ngapi.

Swali la mwisho lina uzito wake. Kumbi nyingine huweka nafasi hizo mbele kabisa, ambako kwa filamu pana shingo itauma. Ukizihifadhi mapema, wafanyakazi wanaweza kung'oa kiti kimoja mahali pazuri zaidi. Lifti ikiwepo, uliza siku hiyohiyo kama inafanya kazi.

Nina shida ya kusikia.

Uliza kama kuna lupu ya usikivu, yaani waya uliozungushwa ukumbini unaopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa chako kikiwekwa kwenye alama ya T. Nguvu yake si sawa kila mahali, kwa hiyo uliza ni safu zipi zinazopata vizuri. Majumba mengine hutoa vipokea sauti vya kuazima. Omba uonyeshwe namna ya kuvitumia kabla taa hazijazimwa, na hakikisha betri ina chaji. Maandishi kwa ajili ya viziwi huandikwa kwenye ratiba kwa maonyesho maalumu, na hupatikana zaidi kwenye dijitali kuliko kwenye mkanda.

Naweza kuja na mtoto mchanga?

Tafuta onyesho la wazazi na watoto, ambapo taa huachwa zikiwaka kidogo na sauti hupunguzwa. Kwenye maonyesho mengine, masharti ya umri wa kutazama filamu hufuatwa hata mtoto akiwa amelala.

## Mkanda, dijitali na unachokiona

Kuna tofauti gani kati ya mkanda wa 35mm na dijitali?

Mkanda ni mfululizo wa picha halisi, 24 kwa sekunde, unaopita mbele ya taa kwa futi 90 (mita 27.4) kwa dakika. Picha hutikisika kidogo sana, ina chembechembe hai, na kila nakala ina makovu yake. Dijitali hutulia kabisa na haichakai: onyesho la mia ni sawa na la kwanza.

Hakuna kilicho bora daima. Nakala nzuri ya 35mm inayorushwa na opereta (mwendesha mtambo) hodari ina kina cha rangi na uhai unaostahili safari. Nakala iliyochoka, kwenye taa iliyofifia, ni heri uione kwa dijitali iliyorejeshwa vizuri. Kabla ya kusafiri mbali, uliza nakala imetoka wapi: iliyotoka kwenye hifadhi ya taifa ya filamu au kwa studio kwa kawaida huwa imekaguliwa.

Yale madoa yanayotokea kona ya juu kulia ni kasoro?

Hapana, ni ishara kwa opereta. Rili moja, yaani gurudumu lililozungushiwa mkanda, ya futi 2,000 haizidi dakika 22, kwa hiyo filamu ya saa mbili huja kwa rili sita au saba. Doa la kwanza huonekana takriban sekunde 8 kabla rili haijaisha, na opereta huwasha mota ya mtambo wa pili. Doa la pili huja sekunde moja hivi kabla ya mwisho, naye hubadilisha. Akiwa stadi, huoni chochote.

Majumba mengine huunganisha rili zote kwenye sahani moja kubwa ya kulala. Ni rahisi kuendesha, lakini hulazimu kukata na kuunga ncha za rili, na hifadhi za filamu hazikubali nakala zao zifanyiwe hivyo. Ukiona jumba linaazima nakala kutoka hifadhi, ujue lina mitambo miwili na mtu wa kuiendesha muda wote.

"Imerejeshwa kwa 4K" ni kusema nitaona 4K?

Si lazima. Maneno hayo yanaeleza namna mkanda wa asili ulivyosomwa na kusafishwa. Mtambo wa jumba unaweza kuwa wa 2K, yaani nukta 2,048 kwa upana badala ya 4,096. Kwa anayekaa katikati ya ukumbi, ubora wa kazi ya urejeshaji na mwangaza wa taa huonekana kuliko tofauti hiyo. Ukitaka kujua, uliza kuhusu mtambo, si kuhusu filamu.

Kwa nini picha haijajaza skrini?

Kwa sababu ndivyo ilivyopigwa. Filamu nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 zina uwiano wa 1.37, karibu na mraba kuliko picha za leo. Kuipanua ijaze skrini kungekata vichwa vya waigizaji. Jumba linaloacha pembeni peusi limefanya kazi yake sawasawa. Kasoro ni pale watu wanapoonekana wanene au wembamba isivyo kawaida, au vichwa vinapokatwa (tazama swali la picha yenye ukungu hapo chini).

Kwa nini rangi ya filamu imegeuka waridi?

Rangi za kibuluu na kijani za nakala nyingi zilizochapwa kabla ya mwanzo wa miaka ya 1980 hufifia zikabaki nyekundu. Opereta hawezi kulirekebisha hilo. Nakala za Technicolor, mfumo wa zamani wa filamu za rangi, zilizochapwa kwa kuhamisha rangi moja moja hazififii hivyo, nazo zikitangazwa ni nafasi adimu. Majumba makini huandika kwenye ratiba kuwa nakala imefifia. Wasipoandika, una haki ya kuuliza.

70mm ina thamani ya kulipa zaidi?

Ikiwa filamu ilipigwa kwa mkanda wa kamera wa 65mm, ndiyo. Eneo la kila picha ni kubwa mara kadhaa kuliko la 35mm, na mwanga, utulivu na undani vyote huongezeka. Kama ilipigwa kwa 35mm kisha ikakuzwa, faida ipo lakini ni ndogo. Swali la kuuliza ni hilo moja: ilipigwa kwa mkanda gani?

Filamu bubu huonyeshwaje?

Enzi hizo kasi haikuwa moja. Nyingi zilirushwa kati ya picha 16 na 24 kwa sekunde, na ukiona watu wanatembea kwa kurukaruka, kasi iliyochaguliwa ni kubwa mno. Jumba lenye mtambo wa kasi inayorekebishika, au faili la dijitali lililoandaliwa kwa uangalifu, huondoa tatizo hilo. Muziki wa moja kwa moja hubadilisha kila kitu: kaa mahali unapomwona mpigaji bila mwili wake kukuzuia skrini. Babylon ya Berlin bado ina kinanda chake cha 1929, kilichotengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kusindikiza filamu.

## Mambo yakienda kombo

Picha ina ukungu au sauti haiendi na midomo. Nifanye nini?

Toka umwambie mfanyakazi aliye mlangoni, mapema, dakika za mwanzo. Kupiga kelele ukumbini hakusaidii: chumba cha mitambo kina kioo kinene na mtambo unanguruma. Eleza unachokiona kwa usahihi: "ukungu upande wa kushoto tu", "mstari mweusi unakata picha katikati", "maneno yanatangulia midomo". Kila kauli inamwelekeza opereta mahali tofauti.

Ukungu unaokuja na kwenda kwenye mkanda hutokana na joto la taa linaloukunja kidogo. Mstari unaokata picha ni fremu (picha moja ya mkanda) iliyokaa vibaya, nayo hurekebishwa kwa sekunde moja. Sauti isiyolingana ina chanzo kingine: kwenye 35mm sauti husomwa takriban fremu 20 mbali na picha yake, hivyo kitanzi cha mkanda kikipandishwa kirefu au kifupi, midomo na maneno hutengana. Hiyo huenda ikasubiri rili inayofuata.

Mkanda ukikatika, je?

Taa huwashwa, opereta hupandisha mkanda upya, na kwa kawaida unaendelea ndani ya dakika chache. Kama fremu ilikwama mbele ya taa, utaona picha ikiyeyuka kutoka katikati. Inatisha kuitazama, lakini mikanda ya leo haishiki moto kirahisi. Kaa kwenye kiti.

Taa ya zenoni, ile kali ya mtambo wenyewe, ikizimika, subira ni ndefu zaidi. Balbu ina gesi yenye shinikizo kubwa na haiguswi hadi ipoe, na hata hapo opereta huvaa kinga ya uso na glavu.

Kwa nini onyesho la dijitali lililoshindikana lisisogezwe tu hadi kesho?

Kwa sababu faili limefungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaotolewa kwa mtambo fulani na kwa muda fulani. Ufunguo ukiisha saa sita usiku, filamu haichezi hata kama imo ndani ya mashine. Jumba huomba ufunguo mpya kwa msambazaji, na ofisi zao hazipokei simu usiku wala siku za mapumziko. Kawaida utapewa fedha yako au tiketi ya siku nyingine, hivyo usitupe kipande cha tiketi kabla filamu haijaisha.

## Nyuma ya pazia na hali za pekee

Naruhusiwa kupiga picha?

Sebule, ngazi na dari kabla ya onyesho, ndiyo, karibu kila mahali, bila mwanga wa kumweka na bila kuwaelekezea watu kamera pasipo ridhaa yao. Filamu ikianza, simu huzimwa. Kurekodi skrini ni kosa la hakimiliki hata kwa sekunde chache. Kwa kamera yenye miguu mitatu, omba ruhusa kwa barua. Utapewa asubuhi wakati ukumbi ni mtupu, na mwanga huwa bora zaidi.

Naweza kuona chumba cha mitambo?

Mara nyingi ndiyo, kwa ziara iliyopangwa. Si wakati wa onyesho, kwa sababu opereta anayeongea na wageni hukosa ishara ya kubadilisha rili. Angalia vifuniko vya chuma juu ya madirisha madogo ya kurushia picha, mlango mzito, na njia ya kutokea inayojitegemea. Vyote viliwekwa kwa sababu mikanda ya nitrati, iliyotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, huwaka kwa ukali na hujitolea oksijeni yenyewe. Ukiizamisha majini bado huwaka. Vifuniko vilishikiliwa na kiungo kinachoyeyuka kwa joto, ili vianguke na kuwatenga watazamaji na moto.

Nataka kukodi ukumbi kuonyesha filamu yangu.

Peleka faili mapema, siku tatu kabla ni kiasi cha chini kabisa, na omba lijaribiwe skrini nzima. Faili la kompyuta la kawaida laweza kuchezeka, lakini DCP ndiyo inayohakikisha rangi na njia za sauti zinatoka sawa. Makosa yanayorudiwa na wengi ni sauti iliyochanganywa kwa ajili ya simu, ambayo ukumbini inakuwa kali, na manukuu yaliyowekwa chini mno yakafichwa na vichwa. Kukodi ukumbi hakukupi haki ya kuonyesha filamu ya mtu mwingine. Hiyo huombwa kwa mwenye nayo, hata kama hakuna kiingilio.

Nimerithi makopo ya mikanda ya zamani. Niyalete?

Usiyalete kabla ya kupiga simu, na usijaribu kuyaonyesha mwenyewe. Fungua kopo moja mahali penye hewa na usome maandishi ya ukingoni mwa mkanda. "SAFETY" ni ishara nzuri. "NITRATE", au 35mm isiyo na alama yoyote iliyotengenezwa kabla ya 1952, ichukuliwe kuwa ni ya hatari: isisafirishwe kwa gari la abiria, wala kwa posta, wala kuwekwa karibu na jiko au jua. Ikiwa inanata, imetoa mapovu au imegeuka unga wa kahawia, funika na uwaite wataalamu.

Harufu ya siki huashiria asetati, yaani mkanda wa aina ya "SAFETY", inayooza. Haina hatari ya moto, lakini huambukiza mikanda jirani, kwa hiyo itenge, iweke pakavu na pa baridi, wala usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki. Majumba ya sinema hayana stoo ya kuhifadhia vitu hivi. Jumba zuri litakuelekeza kwenye hifadhi ya filamu ya nchi yako, ambayo huenda ni mwanachama wa FIAF, shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu lililoundwa Paris 1938. Wakati wa kupiga simu, uwe na idadi ya makopo, upana wa mkanda, na maandishi yote yaliyo kwenye vifuniko, hata yale yaliyofutika nusu.